Goti la Bi Somoe na Mbuzi ya Nazi

Kila nikienda sokoni hakosekani mtu wa kunishika mkono na kuniuliza nilikuwa natumia mafuta gani. Nimestaafu fiziotherapia, nimerudisha funguo za chumba cha mazoezi, nipo nyumbani kwangu Shangani, hii ya huku kusini karibu na Mikindani, nafuga kuku, lakini swali la mafuta limekataa kustaafu. Bi Rukia, wananiambia, usitufiche, umewanyoosha watu magoti miaka yote ile, lazima kuna kitu ulikuwa unapaka. Nawajibu kwamba nilikuwa napaka mafuta ya nazi kidogo, yale yale ya nywele, ili kiganja kisikwaruze ngozi. Hawaamini hata kidogo. Wanaondoka wakiwa na hakika kwamba mimi ni mchoyo.

Nyinyi vijana mnaoingia kazini sasa, mnaojisomea kila kitu kwenye simu kabla chai haijapoa, mafuta hamniulizi. Mnaniuliza mbinu. Mkono unakaa wapi, unasukuma kwa nguvu kiasi gani, unahesabu mpaka ngapi. Hayo nitawaambia, maana nayajua, na kwa umri huu sioni haya kusema kwamba nayajua vizuri. Ila nitawaambia pia habari ya kosa langu kubwa kuliko yote, ambalo mkono haukuhusika nalo. Nililifanya kwa mdomo, na aliyeumia ni mwanamke mmoja wa Mikindani anayeitwa Bi Somoe.

Tuanze na mkono kwanza.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Chitanda, Mmakonde mfupi mwenye vidole vinene kama mihogo michanga. Nilimkuta kazini hospitalini, mimi nikiwa nimetoka chuoni na cheti changu kwenye bahasha, najiona mtaalamu kamili. Hakukitazama kile cheti. Alichukua mizani ile ya kukanyaga, akaiweka juu ya kitanda cha wagonjwa, akaniambia niibonyeze kwa kisigino cha kiganja mpaka mshale ufike kilo tano, niachie, nirudie. Kisha kilo nane. Kisha kumi na mbili. Siku ya tatu akaniambia nifumbe macho, nibonyeze, nimtajie ni ngapi. Nikikosea naanza upya. Wiki mbili nzima nilikuwa nasukuma mizani huku wagonjwa waliokaa kwenye benchi wakinitazama kwa huruma, wakidhani mgonjwa ni mimi.

Nilimwona ni mzee mwenye visirani, na jioni nilimsema sana kwa mama yangu. Halafu siku moja nikafumba macho, nikasukuma, nikasema nane. Nilipofumbua, mshale ulikuwa kwenye nane. Mzee Chitanda akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba apewe chumvi, "Basi kesho ushike mtu."

Nakwambieni, sijapata kupewa sifa nyingine iliyonifurahisha kiasi kile. Na mpaka leo, nikisikia kijana anajisifu kwamba yeye ana nguvu za mikono, natamani nimnunulie mizani. Goti lililosagika halitaki nguvu zako. Linataka ujue ni nguvu kiasi gani umeitia, ili kesho uitie ile ile, au uipunguze kidogo, na ujue kwa nini.

Kuna jambo jingine la Mzee Chitanda ambalo nililidharau likanirudi. Alitaka kabla ya yote nipitishe mgongo wa kiganja juu ya magoti yote mawili, hata kama mgonjwa analalamikia moja, ili nilinganishe joto. Nikaona huo ni mchezo wa kizee. Akaja bwana mmoja mkulima kutoka Ziwani, goti limevimba, benchi limejaa, nikaona nisipoteze muda. Nikamlaza, nikashika, nikasukuma. Yule bwana aliruka kama kaguswa na kaa la moto, akapiga teke beseni la maji, likaenda kugonga mlango. Mzee Chitanda akaja taratibu, akapitisha mgongo wa kiganja chake juu ya goti moja, kisha la pili, akanitazama. Akamwomba radhi mgonjwa kwa Kimakonde, kwa niaba yangu, akamshika bega na kumpeleka mwenyewe kwa daktari. Goti linalowaka joto, lililovimba ghafla, jekundu, huyo si mtu wa kukandwa. Apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo. Beseni lile lilibaki na kibonyeo, na kila nilipochota maji nilikuwa nakiona.

Sasa magoti yenyewe, haya ya kusagika. Mgonjwa wa kwetu akija atakwambia goti limeisha mafuta. Utamsikia hivyo hivyo Msijute, Magomeni yetu ya huku, mpaka kule Mto Ruvuma. Na kwa sababu anaamini mafuta yameisha, ameshaanza kuyarudisha: anakunywa maji ya bamia. Msimcheke. Bamia ni mboga nzuri. Mweleze tu taratibu kwamba gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa, umepungua, na bamia inaishia tumboni.

Mmoja wa wanywaji wakubwa wa bamia alikuwa Mzee Yusufu, Mhindi mwenye duka la vitambaa pale Mikindani, duka alilorithi kwa babu yake. Amezaliwa humo, Kiswahili chake cha Mikindani kabisa. Alikuwa anashinda juu ya stuli ndefu nyuma ya kaunta tangu asubuhi mpaka jioni, na akitaka kusimama ilibidi ajikamate na jora la khanga. Mkewe alikuwa amemnywesha bamia mwezi mzima. Nilipomuuliza kama anaona tofauti, akasema tofauti ipo, sasa anaichukia bamia.

Nilimlaza chali, nikaweka mkunjo wa kitambaa chini ya goti ili lilegee. Nikashika pia ya goti, kile kimfupa cha mbele kinachocheza, nikaisogeza juu na chini, kulia na kushoto, taratibu, kama mtu anayesogeza kisahani mezani bila kumwaga chai. Ya kwake ilikuwa imeganda. Dakika chache ikaanza kukubali. Kisha nikashika mfupa wa ugoko hapa juu karibu na goti, nikausukuma nyuma kidogo kidogo, kwa zile kilo za Mzee Chitanda, nikiuliza kila mara: maumivu yamezidi, yamepungua, au yako vile vile? Halafu nikamwambia asimame kama anavyosimama dukani. Akasimama. Akakaa, akasimama tena, peke yake, bila mtu kumwambia.

"Mama," akasema, "mimi nashika vitambaa tangu mtoto. Nakijua kidole kinachojua kitu. Chako kinajua."

Kuanzia siku hiyo akaniita Mama Magoti, na jina likaenea Mikindani yote. Lakini nilimwambia ukweli, na nyinyi muwaambie wenu: huo unafuu wa mkono utakaa saa chache, labda siku moja au mbili. Katika muda huo ndipo ufanye mazoezi, paja lipate nguvu, maana paja ndilo litakalolibeba goti mimi nikiwa sipo. Mgonjwa anayekuja kukandwa halafu akaenda kulala hatapona, na fundi anayemkanda bila kumwinua kitandani anajifurahisha mwenyewe. Mzee Yusufu alitumia kaunta yake: anasimama na kukaa mara kumi kabla ya kufungua duka, mara kumi baada ya kufunga. Wateja wakazoea. Wengine wakawa wanamhesabia.

Mmoja wa wateja hao alikuwa Bi Somoe.

Alikuja kwangu kwa maneno ya Mzee Yusufu, mwanamke wa umri wa kama miaka sitini, mjane, mnene kiasi, mcheshi. Alikuwa na shamba la mikorosho Ziwani, na mnajua wenyewe msimu wa korosho unavyofanya magoti na viuno: miezi unainama unaokota, unachuchumaa unatenga korosho na mabibo, jioni unakaa chini tena unapika. Goti lake la kulia lilikuwa linalia kama mlango wa zamani. Nikamshika kwa muda wa miezi miwili, akafanya mazoezi yote niliyompa, hakukosa hata siku moja. Akaanza kutembea kutoka kwake mpaka stendi bila kupumzika njiani. Nilijipongeza. Kwenye faili lake niliandika kwamba ameendelea vizuri sana.

Na siku ya kumuaga nikamfungulia mdomo. Nikamwambia, Bi Somoe, kuanzia leo usichuchumae, usipige magoti, usikae chini. Kaa kwenye kiti. Ukutani kwetu lilikuwepo bango lenye picha za kukataza mambo hayo hayo, limepigwa misalaba myekundu, na mimi nikawa namwonyesha picha moja moja kwa kalamu. Tulikuwa tunawaambia wote hivyo. Akaitikia kwa kichwa, akashukuru, akapitia dukani akanunua kiti cha plastiki cha bluu.

Ulipita karibu mwaka mzima. Siku nilipomwona tena amekaa kwenye benchi nilidhani goti limerudi. Nikamwingiza, nikapitisha mgongo wa kiganja, nikashika pia ya goti, ikacheza vizuri. Nikamwambia kwa furaha kwamba goti ni zima, amelitunza. Hakucheka. Yule Bi Somoe ambaye huwezi kumwambia habari za asubuhi bila kukuchekesha, alikuwa anautazama ukuta wenye bango.

Akaanza kunisimulia. Baada ya kuachana na mimi, ulitokea msiba jirani yake. Akaenda, na kwa kuwa niliagiza asikae chini, akabeba kiti chake cha plastiki. Nyinyi mnajua matanga yetu. Wanawake wote wamekaa juu ya mikeka, mjane yuko chini, mama wa marehemu yuko chini, bibi wa miaka themanini yuko chini, na Bi Somoe yuko juu ya kiti cha bluu, anawatazama utosini. Hakuna aliyemwambia kitu. Lakini alisikia nyuma yake mtu akinong'ona kwamba Somoe siku hizi amekuwa bibi mkubwa. Msiba wa pili hakwenda na kiti, alikaa mkekani, na alipotaka kuinuka goti likagoma, mguu ulishasahau njia. Wanawake wawili wakamwinua kwa makwapa mbele za watu, khanga ikamvuka. Msiba wa tatu hakwenda. Alimpa mtu ubani, ile pesa ya rambirambi, ampelekee. Wa nne hakwenda.

Kisha ikafika hitima ya kila mwaka ya marehemu mumewe. Akaalika mtaa mzima kama desturi. Mnajua kwamba shughuli ya kwetu haipikwi na mwenye shughuli. Wanawake wanakuja tangu asubuhi, kila mmoja na kisu chake na mbuzi yake ya nazi, wanakaa uani wanakuna, wanasengenya, wanapika. Siku hiyo ua wa Bi Somoe ulikuwa mweupe. Nazi zote walikuna binti zake wawili, wao peke yao, mikono ikawavimba. Mchana walikuja wanawake tisa, wakala, wakaondoka mapema. Sufuria moja ya pilau haikuguswa kabisa.

"Mwanangu," akaniambia, "goti umeliponya, nasema mbele ya Mungu. Lakini mtu ni watu. Mimi nikifa leo, nani atanikalia mkekani?"

Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda kando yake na nikaona aibu, aibu ya kweli, ya kuchoma masikio. Mimi nimezaliwa Mikindani. Nimekaa kwenye mikeka hiyo hiyo tangu naweza kukaa. Ingekuwa bango hilo limeandikwa na mgeni ningesema hajui kwetu. Lakini mimi ninayejua ndiye niliyemkataza mwanamke wa pwani kukaa chini, na wala sikumuuliza huko chini anakwenda kufanya nini. Nilimwomba radhi. Akasema radhi ameitoa, sasa anataka mguu wa kukaa chini na kuinuka bila kushikwa na mtu.

Tulianza upya siku hiyo. Wakati huo na sisi tulikuwa tumeshaanza kufundishwa tofauti. Mwalimu wa semina alikuwa ametuambia kwamba kiungo kinachokatazwa njia huisahau, na kwamba kazi yetu ni kumrudishia mtu jambo analolitaka, kwa ngazi. Nilikuwa nimeyaandika kwenye daftari na kuyafungia kabatini. Bi Somoe ndiye aliyenifanya nilifungue.

Ngazi zetu hazikuwa za kitabuni. Nilimuuliza nyumbani kwake kuna vitu gani vya kukalia, akavitaja, nikavipanga kwa urefu: kiti cha plastiki, kitanda cha kamba, kigoda, mbuzi ya nazi, mkeka. Wiki za kwanza ni kwenye kiti, kukaa na kusimama bila mikono. Paja likikubali, tunashuka kitandani, halafu kwenye kigoda. Kabla ya kila ngazi mpya nilikuwa nalishika goti kwanza, nalilegeza, nausukuma ugoko nyuma mpaka kukunja kunaongezeka kidogo, halafu papo hapo naingiza zoezi. Alipofika kwenye mbuzi, ambayo ni fupi kweli, alishuka akabaki huko huko akicheka, akasema nimwachie nazi basi, asikae bure.

Mkeka ulituchukua muda mrefu kuliko vyote. Nikatafuta njia ya kuinuka ambayo haimlazimishi kuchuchumaa, tukaifanya mpaka ikawa kama wimbo. Geuka upande. Mikono chini. Kunja khanga ya pili mara nne, iweke chini ya goti bovu. Leta mguu mzima mbele, unyayo wote chini. Mikono juu ya kigoda. Toa pumzi, sukuma. Bi Somoe alikuwa na tabia ya kubana pumzi na kuitazama miguu kama anaogopa itamkimbia. Nikawa nampigia kelele kila siku, maneno yale yale: angalia mbele, miguu haiendi popote; pumzi ni bure, itoe. Alinichukia kwa maneno hayo. Akawa ananiigiza kwa wagonjwa wenzake kwenye benchi, na kwa kweli alinipatia sauti.

Ikabaki shida moja, na shida hiyo mimi na daftari langu tusingeitatua. Bila kigoda cha kushikia, hakuinuka vizuri. Nikamwambia aende nacho msibani. Akanitazama kama unavyomtazama mtoto aliyesema upuuzi mbele ya wageni.

"Nimetoka kwenye kiti cha bluu, sasa niende na kigoda? Watasema nahamia." Akakisukuma kigoda pembeni kwa mguu. "Nitakwenda na mbuzi."

Nilichelewa kumwelewa, halafu nikapiga makofi. Mwanamke anayekuja msibani na mbuzi ya nazi amekuja kusaidia, na hakuna atakayemuuliza kitu. Ataiweka karibu yake mkekani, na ikifika saa ya kuinuka ataweka mikono juu ya kibao chake cha kukalia, asukume, aende nayo jikoni. Mimi nilichoongeza ni kuufunga ulimi wa mbuzi kwa kitambaa kizito, ule wa meno ya kukunia, asije akajichana, na kumfundisha aitegemee katikati ya kibao isije ikapinduka. Tulijaribu pale pale ofisini. Daktari mmoja alipita, akatukuta tumepiga magoti wote wawili mbele ya mbuzi, akaendelea na safari yake.

Msiba uliofuata Mikindani alikwenda. Sikuwepo, alikuja kunisimulia mwenyewe kesho yake, na hakungoja zamu, aliingia tu. Aliingia uani na mbuzi yake, akasalimia, akasimama mbele ya mkeka uliojaa. Bibi mmoja mkubwa, ambaye Bi Somoe aliamini ndiye aliyenong'ona siku ile ya kiti, akamtazama, akaitazama mbuzi. Akasogea, akakusanya khanga yake, akapiga mkeka kwa kiganja pale palipopatikana nafasi. Basi. Bi Somoe akakaa. Saa ya kupika akageuka, akakunja khanga, akainuka, hakuna aliyemshika. Alikuna nazi kumi na mbili. Alinielezea kila nazi, na alipomaliza alilia, na mimi nikalia, na nje kwenye benchi watu walidhani tumepokea habari mbaya.

Bango lile nililitoa ukutani wiki hiyo. Na kuanzia hapo, swali langu la kwanza kwa mgonjwa wa goti halikuwa panauma wapi. Nilikuwa namuuliza: nyumbani kwako unakaa wapi, unaswali vipi, unapika kwenye nini, nani anakungoja huko unakoshindwa kufika? Wengine watakuambia wamezoea kiti na hawataki kusikia mkeka, na hao waacheni na viti vyao. Wengine goti limeharibika kiasi kwamba chini hapafai tena, na hapo mseme ukweli na mtafute njia nyingine. Lakini muulize kwanza.

Mtaniuliza kama na mimi nafanya mazoezi niliyowafundisha watu. Mganga hajigangi. Nilipostaafu nilikaa, nikanenepa, nikawa nawafukuza kuku kwa sauti badala ya miguu. Goti langu la kushoto likaanza kulia, na mimi nikajifanya siisikii hiyo sauti.

Mwaka jana mama yangu alifariki. Alikuwa mzee sana, alikuwa amechoka, lakini mama ni mama. Tulimzika Mikindani, na kwenye nyumba yetu ya ukoo ndiko tulikoweka matanga. Siku ya kwanza, kabla mikeka yote haijatandikwa, niliona mtu anaingia uani amebeba mbuzi kwapani, ulimi umefungwa kitambaa. Amezeeka Bi Somoe, amepungua mwili, lakini alikuwa anatembea vizuri. Aliiweka mbuzi chini, akashuka mkekani kwa utaratibu wote tuliofanya ofisini, akakaa kando yangu, bega kwa bega. Alikuwa anaondoka kwenda kukuna na kupika, kisha anarudi pale pale. Kesho yake alikuja tena.

Siku ya tatu, dua imesomwa, watu wakaanza kukunja mikeka, na ikawa lazima niinuke ili wakunje na wangu. Nikashindwa. Nilikuwa nimekaa siku tatu, goti limeganda, na sina hamu ya kwenda popote. Wapwa zangu wawili wakaja kunishika makwapa. Bi Somoe akawazuia kwa mkono. Akaiburuta mbuzi akaiweka mbele yangu.

"Mwacheni," akasema. "Huyu anajua." Akainama sikioni kwangu. "Haya, mwanangu. Geuka. Mikono chini."

Nikageuka. Alitoa khanga yake mwenyewe begani, akaikunja mara nne, akaisukuma chini ya goti langu la kushoto. Nikaleta mguu wa kulia mbele. Nikaweka mikono juu ya mbuzi, nikaitazama miguu yangu, na hapo machozi yakanijia, nikabana pumzi nisilie mbele za watu.

"Angalia mbele," akasema Bi Somoe, kwa sauti yangu kabisa, ile ile aliyokuwa akiniigizia kwenye benchi. "Miguu haiendi popote. Na pumzi ni bure, itoe."

Nikaitoa, na kilio kikatoka nayo, nikasimama.